Ardhi ya Chumvi Ina Mti Wake: Mwongozo wa Kupanda Mswaki

Kuna ardhi ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa. Mahindi hunyauka yakiwa bado magotini, mche wa mwembe huungua ncha za majani kisha hufa, na kila kiangazi utando mweupe wa chumvi hujitokeza juu ya udongo. Ukiwa na kipande cha namna hiyo, kiwe kando ya Ziwa Manyara, kwenye bonde la Bahi, huko Same, Baringo au Garissa, au nyuma ya mikoko ya pwani, mwongozo huu ni wako. Shauri langu ni moja: acha kuilazimisha ardhi hiyo ilee mimea isiyoiweza, uipe mti uliozaliwa humo. Mti huo ni mswaki.

Wengi wetu tunaujua mswaki ukiwa umeshakatwa: vijiti vilivyofungwa mafungu, vinavyouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa na kwenye masoko kuanzia Lamu hadi Unguja. Wachache wamewahi kuukuza. Tumezoea kuuona kuwa mali ya porini, wa kukatwa na si wa kupandwa, na kwa sababu hiyo unapungua kwenye sehemu nyingi ambako ungeweza kuwa ua, malisho, kizuizi cha upepo na makazi ya ndege. Kuupanda si kazi ngumu. Kunahitaji kuijua tabia yake, na uvumilivu wa miaka michache ya mwanzo.

Ujue mti wenyewe

Wataalamu wa mimea huuita *Salvadora persica*. Ni kichaka kikubwa au mti mfupi, ambao mara chache huzidi mita 6 au 7 kwenda juu, lakini matawi yake huinama na kutambaa hadi kichaka kimoja kikawa kipana kuliko urefu wake. Hauna miiba. Majani yake ni ya kijani kibichi mwaka mzima, manene kidogo, yenye maji ndani, na ukiyatafuna utapata chumvi kidogo pamoja na ukali unaopanda puani kama wa haradali. Maua ni madogo sana, ya rangi ya kijani iliyopauka, na hutoka kwa vishada. Matunda nayo ni madogo, ya mviringo, yenye mbegu moja tu ndani. Yakiiva huwa ya waridi au mekundu, laini, matamu yenye ukali kidogo.

Makazi yake ya asili yanaanzia kwenye nchi kavu za Afrika, yanavuka Bara Arabu na kufika hadi India. Waarabu huuita arak. Hapa kwetu Waturkana wa kaskazini mwa Kenya huuita esekon, Wamaasai oremit, Wakamba mukayau. Waturkana hula matunda yake na kuyakausha kuwa akiba, na Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huyachuma kwa wingi msimu wake ukifika. Kwa hiyo unapopanda mswaki huleti mgeni. Unamrudisha mwenyeji ambaye watu na wanyama wa nchi hizi wamemtegemea tangu zamani.

Utaukuta hasa kwenye kingo za mito ya msimu, kwenye tambarare zinazofurika mvua ikizidi, kwenye vichuguu vya mchwa, na kwenye udongo wa chumvi au wa magadi. Mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta unyevu, na ndiyo sababu huonekana kibichi wakati majirani zake wote wamebaki vijiti.

Kwa nini usipande tu chochote kinachostahimili ukame

Swali hili lina jibu lililotugharimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa *Prosopis juliflora*, ambao Wakenya huuita mathenge, ulipandwa Baringo ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulistahimili ukame kweli. Lakini asili yake ni Amerika, na hapa haukuwa na wa kuuzuia. Ulijaza mabonde, ukafunga njia za mifugo na kuziba malisho. Mbuzi waliokula maganda yake yenye sukari nyingi waliharibika meno hadi wakashindwa kula. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliifungulia serikali kesi kwa sababu ya mti huo.

Fundisho lake ni kwamba kustahimili ukame peke yake hakutoshi. Mti wa nchi kavu lazima uwe na wa kuula, wa kuuchavusha, wa kutawanya mbegu zake na wa kuupunguza. Mswaki unao wote hao. Mbuzi na ngamia huula, ndege hubeba mbegu zake, wadudu huhudumia maua yake, na unapozidi, panga na mifugo huurudisha nyuma. Haulipi haraka kama mti wa kigeni, lakini hautakuachia deni.

Pima ardhi yako kwanza

Usichimbe shimo hata moja kabla ya kujibu maswali manne.

La kwanza ni la baridi. Mswaki ni mti wa joto. Unaota kuanzia usawa wa bahari hadi takriban mita 1,800. Ukiwa Limuru, Njombe au kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro, utafute mti mwingine.

La pili ni la maji yaliyotuama. Mafuriko ya siku chache haudhuriki nayo. Kinamasi cha mwaka mzima hauwezi.

La tatu ni la jua. Uupe mahali pa wazi. Chini ya miti mikubwa utarefuka na kudhoofika bila kuzaa.

La nne ni udongo wenyewe. Chukua konzi mbili za udongo, zitie kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, tikisa, kisha iache itulie usiku kucha. Maji yakibaki machafu kama chai ya maziwa hata asubuhi, kuna uwezekano mkubwa udongo wako ni wa magadi: chembe zake hazishikani, maji hayapenyi, na juu hujifunga gamba gumu likikauka. Mswaki utaota humo, lakini mashimo yako yatahitaji kazi zaidi, kama nitakavyoeleza. Ukiona utando mweupe wakati wa kiangazi, hiyo ni chumvi, na dawa yake ni kupanda mahali mvua inapoweza kuisukuma chini.

Tafuta visiki kabla ya kutafuta mbegu

Kabla ya kuingia gharama ya kitalu, litembelee eneo lako lote polepole. Mahali ambapo mswaki ulikuwapo, mara nyingi bado upo: kisiki kilichokatwa mara nyingi, vichipukizi vinavyoliwa na mbuzi kila vinapochomoza, au maotea yanayotoka kwenye mizizi. Hivyo vina mzizi wa miaka mingi uliokwisha kufika kwenye unyevu. Mche wa kitaluni utahitaji muda mrefu kuvifikia.

Tumia njia ambayo wakulima wa Dodoma wanaijua kwa jina la kisiki hai. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyo imara na yaliyonyooka. Kata mengine yote karibu na shina. Punguza matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, hadi nusu ya urefu wake, ili nguvu iende juu. Funga kitambaa cha rangi kwenye kila kisiki ili wachungaji na wakata kuni wajue kwamba kinatunzwa. Kisha zungushia matawi ya miiba. Ukifanya hivyo kwenye visiki vyote vilivyo hai, huenda ukagundua kwamba nusu ya kazi yako imekwisha kabla ya kununua chochote.

Kukusanya mbegu

Ndege watakuambia wakati. Ukiona kuzumburu, shore na kwenzi wamejazana kwenye vichaka na kelele hazikomi tangu alfajiri, matunda yameiva. Wahi, maana hawabakizi mengi.

Chuma matunda yaliyoiva kabisa, kutoka kwenye miti kadhaa yenye afya na iliyo mbali kidogo na mingine, ili miche yako isiwe ya mzazi mmoja. Mti mmoja usiuchume wote. Waachie ndege sehemu kubwa. Usiingie kukusanya kwenye hifadhi bila kibali. Kama hakuna miti karibu nawe, uliza kwenye kituo cha mbegu za miti cha KEFRI kilichoko Muguga ukiwa Kenya, au kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ukiwa Tanzania.

Siku hiyohiyo, yatie matunda kwenye ndoo ya maji na uyasugue kwa mikono mpaka nyama yote itoke. Hatua hii usiiruke. Nyama ya tunda huizuia mbegu kuota, na pia huleta ukungu. Mwaga maji machafu pamoja na mbegu zinazoelea, kwa kuwa nyingi ya hizo ni tupu. Osha mara mbili au tatu, halafu zianike kivulini kwa siku moja. Mbegu za mswaki hazipendi kuwekwa ghalani; zipande zikiwa mpya. Kama lazima zisubiri, ziweke kwenye mfuko wa karatasi mahali pa baridi na pakavu, na usizikawize zaidi ya wiki chache.

Kitaluni

Kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka, chombo kirefu ni muhimu kuliko kipana. Tumia viriba vyenye kina cha sentimita 25 au zaidi. Pakiti ndefu za maziwa zilizooshwa na kutobolewa chini zinafaa pia. Mzizi ukijikunja kwenye chombo kifupi, mche utaonekana mzuri kitaluni na kufa shambani ukame wa kwanza ukifika.

Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri. Usitumie udongo wa chumvi kitaluni. Mti mkubwa huuvumilia, mche mchanga huteseka nao.

Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, kisha panda mbili katika kila kiriba, kwenye kina cha sentimita 1. Funika kwa nyasi kavu nyepesi, mwagilia taratibu asubuhi na jioni, na weka kichanja cha makuti kinachopitisha nusu ya mwanga. Mbegu mpya huanza kuchomoza ndani ya wiki moja hadi tatu. Zikiota, toa nyasi. Miche ikifika majani manne, acha ulio bora katika kila kiriba.

Kwa miezi ya mwanzo mwagilia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na usizidishe. Udongo ukishikamana mkononi bila kutoa tone, unatosha. Sogeza viriba kila baada ya wiki mbili ili mizizi isipenye ardhini. Mche unaofaa kwenda shambani una miezi 4 hadi 6, urefu wa sentimita 30 hivi, na shina lililoanza kuwa gumu. Mwezi wa mwisho uzoeze shida: ondoa kivuli kidogo kidogo, na umwagilie kwa kuruka siku.

Panga tarehe zako kwa kuanzia kwenye mvua na kurudi nyuma. Anayepanda shambani mwanzo wa vuli aoteshe mbegu Mei au Juni. Anayesubiri masika aoteshe Septemba au Oktoba. Kwenye maeneo ya msimu mmoja kama Dodoma, ambako mvua huanza takriban Desemba, otesha Juni au Julai. Matunda yakija wakati usiolingana na hesabu hiyo, usisubiri: otesha mbegu zikiwa mpya, na miche ikae kitaluni muda mrefu zaidi kwenye viriba virefu.

Njia nyingine: kulaza tawi na kuchukua maotea

Mswaki wenyewe hujizidisha kwa matawi yanayogusa ardhi na kutoa mizizi. Unaweza kuusaidia. Mwanzoni mwa mvua, chagua tawi la chini lenye unene wa penseli, likwangue ganda kidogo upande wa chini, lilaze kwenye mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15, lifukie na uweke jiwe juu ili lisiinuke. Ncha ibaki nje. Baada ya miezi kadhaa, ukilivuta taratibu na likakataa kutoka, limeshika. Likate kutoka kwa mama na ulihamishe mvua inayofuata.

Maotea ya mizizi nayo yanafaa, mradi uyachimbe pamoja na kipande cha mzizi na uyapande jioni ya siku ya mvua. Njia hizi mbili ni za haraka kwa ua mfupi. Kwa eneo kubwa tumia mbegu, maana miche ya mbegu hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo kinga dhidi ya ugonjwa na ukame.

Kupanda shambani

Subiri mvua inyeshe vya kutosha ardhi ilowe hadi kina cha mkono. Nafasi inategemea lengo. Kwa ua, panda kila mita 1 hadi 1.5. Kwa kizuizi cha upepo, panda safu mbili, mita 2 kati ya mti na mti, na safu ya pili ipishane na ya kwanza. Kwa vichaka vya ndege na wanyama, panda mafungu ya miti mitatu au minne, na kati ya fungu na fungu acha mita 8 au zaidi za nyasi.

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande na kina kama hicho. Weka udongo wa juu kando na wa chini kando. Kwenye udongo wa magadi wenye gamba, piga sururu chini ya shimo mpaka uvunje tabaka gumu, kisha changanya debe moja la samadi iliyooza kwenye udongo wa kurudishia. Kwenye udongo wa kawaida usio na rutuba, nusu debe inatosha. Mbolea ya dukani haihitajiki.

Kwenye ardhi ya chumvi, mahali pa kuuweka mche ndani ya shimo ni jambo la uzima na mauti. Maji yakikauka, chumvi hupanda na kukusanyika kwenye sehemu zilizoinuka. Kwa hiyo usipande kwenye kilele cha tuta. Panda kwenye beseni, na upande wa chini wa mteremko jenga tuta la nusu mwezi lenye upana wa mita 2 hadi 3, mikono yake ikielekea juu. Kila mvua itakusanyika hapo, izame, na kuisukuma chumvi chini ya mizizi.

Chana kiriba, usiuvunje udongo, na uupande mche katika kina kilekile ulichokuwa nacho. Kanyaga taratibu kuzunguka, mwagilia lita 5, kisha tandaza nyasi au majani makavu unene wa kiganja, yakiacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina ili mchwa wasipate daraja.

Miaka miwili ya kwanza

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mwaka wa kwanza mswaki huonekana haukui kabisa. Juu kuna majani machache; chini mzizi unachimba. Usiung'oe, usiuhamishe, usiuongezee mbolea. Kazi zako ni tatu tu.

Kwanza, maji ya kiangazi cha kwanza: lita 5 kila wiki kwa kila mti, umwage taratibu, jioni. Kiangazi cha pili kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya hapo uache ujitegemee.

Pili, palizi. Ondoa nyasi kwenye mduara wa mita 1, hasa wakati wa mvua. Nyasi ndizo mshindani mkubwa wa mche wa nchi kavu.

Tatu, na kubwa kuliko zote, zuia mifugo. Mbuzi mmoja aliyeachwa mchana mmoja anaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Zungushia kila mti au kila fungu matawi ya mgunga yenye miiba, na uyafanye upya kila mwaka mpaka mti uvuke mita 1.5. Zungumza na wachungaji wa jirani mapema, kwa heshima, na uwaambie kwamba baada ya miaka michache nao watapata majani ya kiangazi. Makubaliano ya namna hiyo hulinda miche kuliko miiba.

Kupogoa

Samaki mkunje angali mbichi. Unayetaka ua, kata ncha ya mche ukifika kiunoni ili utoe matawi tangu chini, na urudie kila mwisho wa mvua. Unayetaka mti mfupi wenye kivuli, chagua shina moja na uondoe matawi ya chini kidogo kidogo kila mwaka. Unayetaka kichaka cha wanyama, usikate kitu. Acha matawi yaguse ardhi.

Mswaki uliozeeka au ulioliwa sana hufufuka. Ukate hadi kisiki cha sentimita 30 mwanzoni mwa mvua, nao utachipua. Usikate vichaka vyote mwaka mmoja. Kata theluthi moja, mwaka unaofuata theluthi nyingine, ili viumbe vinavyoutegemea visikose mahali pa kwenda.

Wapokee wageni wako

Mti ukianza kuzaa, baada ya miaka kadhaa, utaona ulichokuwa ukikifanyia kazi. Kuzumburu, shore, kwenzi na hondohondo hula matunda na kudondosha mbegu chini ya miti mingine, na mahali hapo ndipo miche utakayoikuta bila kuipanda itaota. Maua huvuta nyuki na nzi wadogo. Mzinga mmoja au miwili karibu na kichaka ni wazo zuri. Chini ya matawi yanayogusa ardhi, kanga na kwale hujificha, na digidigi hupumzika mchana.

Vipepeo wana hadithi yao. Ule ukali wa haradali unaousikia kwenye jani ni kinga ya mti dhidi ya walaji wengi. Lakini wapo vipepeo wa jamii ya weupe waliozoea sumu za namna hiyo, na kati yao *Colotis phisadia* hutaga mayai yake kwenye mswaki. Viwavi wake wakila majani machache, usipulize dawa. Mti mzima haudhuriki, na kila kiwavi unachokiacha ni kipepeo au chakula cha kifaranga.

Wanyama wakubwa nao wanaupenda. Kwenye tambarare za Amboseli mswaki ni sehemu ya vichaka ambavyo tembo hula. Kwa hiyo kama unaishi kwenye njia ya tembo, upande mbali na nyumba, ghala na shamba la chakula. Na kwa kuwa kichaka kizito huweza kuhifadhi nyoka, kokote uliko acha mita 10 za wazi kati yake na mlango wako na mahali watoto wanapocheza.

Usiupande peke yake. Changanya na mgunga kwa kivuli cha juu, mkunazi na mkole kwa matunda ya misimu mingine, na nyasi za asili katikati. Eneo lenye aina nne au tano za miti ya asili huwa na kitu cha kuliwa karibu kila mwezi, na ndege hawalazimiki kuhama.

Kuvuna bila kuua

Mavuno yako ni mengi. Majani hulishwa mbuzi na ngamia wakati nyasi zimekwisha. Changanya na malisho mengine, kwa maana ngamia akiula mswaki kwa wingi, ladha ya maziwa hubadilika. Matunda huliwa mabichi au makavu.

Vijiti vya kusafishia meno vina sifa iliyothibitishwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake mwaka 1986, na wataalamu wakarudia kuyatazama mwaka 2000. Kata tawi au mzizi wa pembeni wenye unene wa kidole kidogo, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Menya sentimita 1 ya ncha, loweka kidogo, tafuna mpaka nyuzi zifunguke, kisha sugua taratibu kuelekea nje ya fizi. Ncha ikichakaa, ikate na umenye upya.

Biashara ya vijiti hivi imeegemea sana kuchimba mizizi ya porini, na hapo ndipo miti mingi inakufa. Wewe uliyepanda fanya tofauti. Tumia matawi zaidi ya mizizi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mwaka. Ukichimba mzizi, chukua wa pembeni tu, upande mmoja wa mti kwa mwaka, urudishe udongo na umwagilie. Mzizi mkuu usiguswe kamwe.

Anza na kidogo

Usianze na ekari nzima. Chagua kona iliyo mbaya kuliko zote, ile uliyoacha kuilima, na uipe miche 20 mvua inayokuja. Hesabu ile iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, angalia ilikokufa na kwa nini, rekebisha, kisha ongeza. Ikifaulu, wape majirani mbegu na uwaonyeshe jinsi ya kuziosha. Ardhi zetu kavu zimepoteza miti yake ya asili kisiki kimoja kimoja, na zinaweza kurudishiwa miti hiyo kwa kasi hiyohiyo, na watu walio tayari kusubiri. Mwezi huu kazi yako ni moja: itembelee ardhi yako na ufunge kitambaa kwenye kila kisiki cha mswaki kilicho hai.